Koja la Asumini

Sheria haikuwa na mjadala: sauti ya marehemu huwekwa mwaka mmoja, kisha huimbishwa jijini, na ikishatuzwa tu, na mtu yeyote, inafutwa. Isipotuzwa huendelea kuimba.

Ndiyo maana Bi Mwajabu alitoka Pangani na shoga yake, Bi Tatu, kwenda Tanga kumsikiliza bintiye, Salha.

"Usije ukainuka kutuza," alimuusia njiani.

"Niinuke nina wazimu?" Bi Tatu akacheka.

Alasiri ile sauti ya Salha ilitoka kwenye sanduku jukwaani, na mkwaruzo wake uleule wa kuimba akiosha vyombo jikoni. Bi Mwajabu alikumbatia mkoba wake, akimwomba Mungu beti zisiishe. Fidla ikalia. Salha akaivuta sauti juu, akaichezesha.

Bi Tatu, ambaye miaka arobaini hajawahi kukalia kiti ubeti mtamu ukapita, alikuwa keshasimama, mabega yakicheza, koja la asumini mkononi.

"Keti! Tatu, keti, nakuomba!"

Vigelegele vilimmeza. Koja likatua juu ya sanduku, na sauti ikakatika katikati ya neno.

Bi Tatu alirudi akihema kwa furaha. "Shoga, mwanao kaimba!" Kisha akauona uso wa mwenzake, akashika kinywa.

"Ulimsikia," Bi Mwajabu alimwambia, akimkamata mikono. "Nimalizie."

Bi Tatu akaimba, huku analia.

"Sivyo," alisema Bi Mwajabu. "Sivyo alivyokuwa. Anza tena."