Barua Moja Pungufu

Mkaguzi Ledesma alihesabu tena, safari hii akilowesha kidole kwa ulimi. Majina kwenye orodha ya mishahara: mia mbili na kumi na mawili. Barua za ajira kwenye makasha: mia mbili na kumi na moja.

"Humu mna nyoki," alisema.

Ilikuwa tarehe ishirini na tisa, siku ambayo kila nyumba mjini hupika nyoki, vile vidonge vya viazi, na kuweka noti chini ya sahani ili pesa zisikauke. Siku hiyo hiyo wafanyakazi hewa hujitokeza halmashauri, wakachukua mshahara, wakapotea hadi mwezi ujao. Jina la chakula likawa jina lao.

Doña Irma Basualdo, mkuu wa mishahara, hakuinua macho kutoka kwenye kibuyu chake cha chai chungu.

"Nyoki wa hapa niliwafuta mimi, mwanangu. Mwaka wangu wa tatu niliondoa thelathini na wanane. Mmoja alikuwa farasi wa meya, ameandikwa mlinzi."

"Meya alisemaje?"

"Alisema farasi yule hakuwahi kukosa zamu."

Ledesma hakucheka. "Mama, najua unastaafu kesho, na keki nimeiona pale. Lakini nikimpata hata mmoja, mafao ya mkuu wa mishahara yanazuiwa. Yaani yako."

"Basi tumtafute," alisema Doña Irma, akasogeza kibuyu pembeni.

Tarcisio, bawabu, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza bila hata kujificha. "Anzeni na shemeji ya meya," alisema. "Chichilo. Mkutubi wa maktaba isiyo na paa."

"Wewe kalinde mlango," alisema Doña Irma.

"Si ndio huu ninaoulinda?"

Wakaanza. Wafagizi, madereva, wachimba makaburi. Doña Irma alisoma jina, Ledesma akachomoa barua. Kila jina kwenye orodha lilikuwa kwa mwandiko wa Doña Irma, na kila jina alikuwa na neno nalo. Huyu alianza juma la mafuriko. Huyu mkewe alijifungua pacha, posho ya watoto ikaongezwa siku ile ile. Huyu anaona aibu kuomba, kwa hiyo mwangalie mwenyewe.

"Kazi hii uliisomea wapi?" Ledesma aliuliza.

"Hapa hapa kitini."

"Alikufundisha nani?"

"Wenye shida. Mtu akisimama mbele yako akilia kwamba mshahara haujatoka na watoto hawajala, utajifunza upesi."

Miaka thelathini na minne. Mameya tisa walikuja wakaondoka. Mashine za kuchapa zilipisha kompyuta, sarafu ikakatwa sufuri, na hakuna mshahara hata mmoja uliochelewa. Miji ya jirani ilileta makarani wake wajifunze kwake.

Saa sita ofisi nzima ilitoka kwenda kula. Doña Irma alibaki, akafungua kikopo cha biskuti na kumsogezea mkaguzi.

"Wewe huendi?" Ledesma aliuliza.

"Sijawahi kutoka saa ya chakula. Chomoa, mwanangu, tumefika maktaba."

Ledesma alivuta pumzi, akaingiza mkono kwenye kasha. Barua ya Chichilo ilikuwemo, ina mihuri mitatu. Na kabla hajaikunja, Chichilo mwenyewe aliingia, jasho linamtiririka, kitabu kwapani.

"Nimesikia mnaniulizia. Nipo kazini."

"Umepotea njia, bwana," alisema Tarcisio. "Kazini kwako ni mtaa wa pili."

Chichilo akatia saini kando ya jina lake, akaaga, akatoka na kitabu chake. Ledesma alimtazama hadi alipoishia. Mpaka dakika ile alikuwa na hakika nyoki ni yeye.

Saa nane yalibaki makasha mawili. Saa tisa lilibaki moja: la ofisi ya mishahara. Barua ya msaidizi ilikuwemo. Ya tarishi ilikuwemo. Ledesma aliligeuza kasha juu chini, akaligonga kitako. Halikudondosha kitu. Akatazama orodha, jina lililosalia, kisha akamtazama mwanamke aliyekaa mbele yake.

"Doña Irma," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya mkaguzi. "Uliajiriwa lini?"

"Sikuajiriwa. Nilikuja kuulizia mshahara wa mwisho wa marehemu mume wangu. Karani akaniambia nikae kwenye kiti hiki, anatoka kula mara moja."

Akaitupia jicho saa ya ukutani.

"Mpaka leo hajarudi, mwanangu. Ningeachaje ofisi ya watu wazi?"