Hata Bure Siitaki

"Chagua nyingine!" Baba alikuwa ameshasimama. "Saa yoyote, binti yangu, lakini si hiyo."

"Ulisema nikifaulu ukunga nichague ninayoitaka. Nimefaulu, nimechagua. Jumatatu naanza kazi wodini. Niende mkono mtupu?"

Mama alikuwa kwenye kona ya meza anapiga pasi sare za binti yake. Ugomvi ulianza kabla pasi haijapata moto, na sasa alikuwa anamalizia sare ya pili bila kutia neno. Alikuwa amelea watoto wanne na mume mmoja, na alijua ugomvi ni kama wali: ukifunuafunua hauivi.

Binti akamsogezea Baba simu yenye picha. Ilikuwa saa ya chuma, uso mweusi, ndani yake visaa vitatu vidogo, ubavuni vitufe viwili. Ukibonyeza kimoja, mshale mrefu unaanza kukimbia. Ukibonyeza tena, unasimama.

"Mama mjamzito akishikwa na uchungu nabonyeza, ukiachia nabonyeza. Nitajua umekaa muda gani. Si ndiyo kazi yake?"

"Hiyo tunaiita Bwana Harusi," Baba alisema. "Kila mtu anaitazama, kazi yoyote haifanyi."

Wanaoiita hivyo ni chama cha wapenda saa, ambacho Baba ni katibu wake. Mwenyekiti, mwenye duka la miwani, alikuwa kwenye kochi na kikombe cha chai. Alikuwa ameitwa mahsusi kuja kutoa ushahidi.

"Mweleze, Mwenyekiti."

"Mwanangu, hiyo saa imezagaa kama ufagio," Mwenyekiti alisema. "Mtu ameanza kupenda saa jana, leo ameshaivaa. Tena ukikaa naye atakuhadithia safari zote ilizowahi kwenda, hadi mwezini, utadhani yeye ndiye aliyeibeba."

"Haina tarehe!" Baba akadakia. "Inaogopa maji kuliko paka. Kila asubuhi uitie ufunguo kwa mkono, ukisahau imekata roho. Mkanda wake unanyofoa vinyweleo. Na kioo chenyewe plastiki! Ukigusa ukuta tu, mchubuko. Basi ukae unakisugua na dawa ya meno mpaka kidole kiote sugu."

"Dawa nyeupe," Mwenyekiti akaongeza. "Ya jeli haisaidii kitu."

Mama aligeuza kola. Dawa ya meno katika nyumba ile siku hizi ilikuwa inaisha kana kwamba wanaishi na mamba.

"Baba, yote hayo ungeniambia asubuhi. Nimekuja tuzungumze, ukakimbilia stoo kwenye panya wako."

"Panya hawana subira."

Kweli, panya wa Baba hawakuwa na subira. Kila siku, kabla hajanywa chai, aliingia stoo kuwaangalia, akafunga mlango, kisha akatoka akipiga mluzi. Alikuwa amenunua boksi jekundu la sumu, akaliweka rafu ya juu kabisa na kutangaza kwamba asiliguse mtu asije akafa. Panya aliyekufa hakuonekana. Aliye hai naye hakuonekana.

"Mimi naona hizi ni zile za sizitaki mbichi hizi," binti alisema. "Unaisema vibaya na hujawahi hata kuivaa."

"Mimi?" Baba alijipiga kifua. "Nina saa kabati zima, nikaivae hiyo? Hata bure siitaki! Siku nikiikuta ndani ya nyumba hii, anayeitaka aichukue aondoke nayo."

"Anayeitaka?" Mama aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Yeyote yule. Mwenyekiti ni shahidi."

"Shahidi nipo, shemeji," Mwenyekiti alisema, akavuta chai.

Mama akachomoa pasi. Akatundika sare, akaiweka sawa mabega, akatoka. Walimsikia akiburuta kiti koridoni, kisha mlango wa stoo ukalia.

Aliporudi alikuwa amebeba boksi jekundu.

"Mke wangu!" Sauti ya Baba ilipanda ikawa kama ya mtoto. "Hiyo ni sumu! Rudisha, utadhurika!"

"Nitakufa nikiwa nimetimiza ahadi," Mama alisema, akafunua kifuniko.

Ndani mlikuwa na soksi moja ya Baba, ile iliyotafutwa nyumba nzima mwezi uliopita. Mama akaitia mkono na kuvuta kilichokuwa ndani. Uso mweusi. Visaa vitatu vidogo. Kioo kilimeta kama meno ya bwana harusi, na sebule nzima ikanukia mnanaa.

Hakumtazama mume wake. Alimshika binti yake mkono, akamvalisha, akafunga mkanda.

"Umepwaya kidogo, utapunguzwa. Umesikia sharti la baba yako: anayeitaka aichukue. Unaitaka?"

"Naitaka."

"Yako."

Binti akabonyeza kitufe. Mshale mrefu ukaanza kukimbia, na watu wanne wakautazama ukizunguka, kila mmoja kwa moyo wake.

Baba akaketi taratibu.

"Uitie ufunguo kabla ya chai, mwanangu," aliiambia sakafu. "Ukihisi inakaza, acha hapohapo. Usiilazimishe."

Mwenyekiti naye alikuwa ameshasimama, kikombe amekiacha nusu, anatafuta kiatu cha pili kwa mguu.

"Ahsante kwa chai, shemeji. Wacha niwahi nyumbani. Mke wangu leo anasafisha stoo, na mimi pia kwangu kuna panya."