Karibu Mara Mbili

Tangu programu za kompyuta zilizoandikwa na waliojifunza wenyewe zipigwe marufuku majumbani, nimesomea kuziandika darasani miezi tisa ili niruhusiwe kubaki na ile ya marehemu mume wangu. Ndiyo inayofungua mlango wetu na kunikaribisha kwa sauti yake.

Siku ya mtihani mwalimu aliikagua, akacheka. "Mama Siwema, mbona inakukaribisha mara mbili?"

"Mume wangu alijifunza peke yake, mwalimu. Kosa lilimshinda kuliona."

"Wewe unaliona. Lisahihishe."

Nikafuta mstari mmoja, nikafaulu.

Jioni mlango ulifunguka. "Karibu, mke wangu," alisema, kisha kimya. Nilisimama pale na mkoba wangu, nikisubiri. Halafu nikatoka nje, nikaufunga mlango, nikaingia tena.