Aliye Ndani Haingii

"Siwezi kumwandika," karani wa lango alisema. "Huyu mzee yuko ndani."

Mzee alikuwa amesimama mbele yake, nje ya dirisha, mkono mmoja umezama kwenye mfuko wa koti.

"Yuko ndani vipi, kaka?" mjukuu aliuliza. "Na huyu niliyemshika mkono ni nani?"

"Hilo silijui, dada. Mimi najua kitabu."

Gereza lile la wakoloni sasa lilikuwa mahali pa kumbukumbu, na sheria yake ilikuwa moja: kisibadilishwe kitu. Hata kitabu cha langoni kilikuwa kilekile, kimeongezwa kurasa mpaka kikanenepa kama godoro. Kila aliyepita pale, wa enzi zile au wa jana, aliandikwa ameingia, kisha ametoka.

Mjukuu mwenyewe ndiye aliyeomba jina la babu yake litafutwe humo. Ukutani palikuwa na ubao wa shaba wenye majina ya wafungwa ishirini na saba, waliotoweka mchana kweupe bila hata kitasa kimoja kuvunjwa. Lakini tangu yeye ni mtoto, Babu alimwambia, "Siku ile tulitoka watu ishirini na wanane." Mjukuu alikuwa ameandika barua saba kuomba jina la Babu liongezwe. Mara zote saba alijibiwa alete ushahidi. Leo ushahidi umepatikana, na umemgeuka.

"Hebu soma tena."

Karani alifuata mstari kwa kidole. "Ameingia: saa kumi na mbili asubuhi. Alichobeba: mkebe wa chakula cha mchana. Ametoka: patupu."

Mjukuu alimgeukia mzee. "Babu, ulibeba chakula ukienda kufungwa?"

"Cha mle kilikuwa hakiliki," Babu alisema.

Mkuu wa kituo aliitwa. Akaja mbio, shati likimtoka kiunoni.

"Shikamoo, shujaa wetu."

"Marahaba."

Mkuu alisoma mstari ule, akakuna kichwa. "Ubao ni wa waliotoroka, mwanangu. Mzee hajatoroka. Kwa mujibu wa kitabu, hajatoka hata kwenda kununua kiberiti."

"Na hawa ishirini na saba? Walitoroka wakaaga?"

"Tulipopata uhuru, ofisi ilichukua orodha ya wafungwa ikawatoa kitabuni mmoja mmoja, kwa mhuri. Mzee hakuwamo kwenye orodha."

"Kwa hiyo mlimsahau." Sauti ya mjukuu ilikatika. "Miaka yote hii mmemwacha humo ndani, peke yake."

Hakuna aliyecheka. Karani aliinamisha macho kama mtu aliyekutwa na kosa. Wageni waliokuwa wakipiga picha ua wa gereza walishusha simu zao, na mama mmoja akatoa leso.

"Tumtoe," mkuu alisema hatimaye. "Tumtoe leo, tena sasa hivi. Barua ya ubao nitaiandika kwa mkono wangu."

Karani alijaza tarehe, akajaza na saa: tano na robo asubuhi. Kisha akageuza kitabu kuelekea dirishani na kutoa kalamu. Babu alitia saini polepole, mkono wake wa pili ukiwa bado mfukoni. Alipomaliza alishusha pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka nayo.

"Pole sana, Babu," mjukuu alisema, akijifuta machozi. "Sasa uko huru."

Karani alipiga mhuri. Lilibaki swali moja la mwisho, ambalo kitabu kilitaka kila anayetoka aulizwe.

"Kuna mali yoyote ya gereza ya kurudisha?"

"Ipo," Babu alisema.

Alitoa mkono mfukoni, akaweka dirishani pete kubwa ya chuma yenye funguo ishirini na saba.

"Samahanini kwa kuchelewa. Nilikosa wa kumkabidhi zamu."