Jina la Pili

Maji ni mazito kuliko damu. Masouda aliliamini hilo tangu mama mkwe wake, Bi Kheiria, alipotamka mbele ya watu: "Jaifar nimemzaa tu. Mwanangu ni wewe."

Ndiyo maana leo aliendesha gari kuvuka milima, kutoka kwake Al Khoudh hadi kwa mkwewe Al Amerat, na chupa ya uji wa pilipili manga. Mgonjwa hakuwa Bi Kheiria, ingawa goti lake bovu ndilo lililomfanya Jaifar, mume wa Masouda, alale kwa mama yake siku nyingi kuliko kwa mkewe. Uji ulikuwa wa Rawan, mpangaji wa Bi Kheiria, aliyejifungua binti huku mumewe, walisema, yuko kazini mbali, huko Duqm.

"Kesho akika, na mtoto hana jina!" Rawan alilalamika, akipuliza uji.

"Jina nnalo," alisema Bi Kheiria. "Ersilia."

Kikombe kilimponyoka Masouda.

Ersilia alikuwa bibi wa Kitaliano aliyemuuguza alipokuwa mwanafunzi Perugia. Jina la kizamani, ambalo hata Wataliano wenyewe hawawapi tena watoto wao. Masouda alilitunza kwa ajili ya binti ambaye miaka ilipita na hakuja. Alimwambia mtu mmoja tu, siku moja akimkanda goti, na mtu huyo akaapa: "Mjukuu wangu ataitwa hivyo, inshallah."

"Mama! Jina langu hilo."

"Jina halina mwenyewe, mwanangu."

Rawan alilionja mdomoni. "Tamu, utadhani halwa ya bibi! Nataka na la pili, kama Wazungu. Ersilia Hanan? Ersilia Nargis? Da Masouda, wewe umesoma huko, nichagulie."

"Hanan linapwaya. Nargis limezidi mapambo." Sauti ya Masouda ilikwaruza. "Na sisi si Wazungu. Kwetu jina la pili halichaguliwi, ni la baba. Mumeo anaitwa nani?"

Rawan akamtazama Bi Kheiria.

Bi Kheiria akampakata mtoto, akamfunika miguu polepole.

"Nilikuahidi mjukuu wangu ataitwa Ersilia," alimwambia Masouda. "Huyu ni Ersilia Jaifar. Ahadi nimetimiza, na radhi sikuombi."