Mgeni wa Bi Zamda

Siku ya arobaini ya eda ya mumewe, Bi Zamda alifungua mlango akaikuta tena skuta ya umeme, zile za kukodi zinazoachwa popote, imeegemea ukuta wake.

"Leo tena una mgeni?" jirani yake Mwanakheri alimwuliza kutoka dirishani.

"Mgeni gani, mwenzangu? Hata sijui kaiacha nani."

"Na ya jana je?"

Mjane aliye edani hapokei wanaume, mtaa mzima unajua. Bi Zamda akaisukuma skuta kando, ikapiga king'ora, madirisha mengine yakafunguka. Alivyochanganyikiwa, akavua kanga ya mabegani akaifunika gubigubi. Ikanyamaza.

Sasa, kwa waliochungulia madirishani, mlangoni pake alisimama mtu, kajitanda kanga ya Bi Zamda, kainamisha kichwa, kama anayengoja kukaribishwa ndani.