Tende Zisizosifiwa

Nafundisha historia kwa simu, nikiwa jikoni kwangu Mombasa. Siku hizi ukisifu bidhaa yoyote na simu ikasikia, umetangaza mtandaoni, na ushuru wa tangazo unakatwa papo hapo kwenye mshahara wa mwenye simu. Kuzima simu nako ni kosa.

Kwa hiyo leo nimewaambia wanafunzi kwamba mababu zetu walipeleka boriti za mikoko Uarabuni wakarudi na tende. Basi. Sikusema boriti zile zilishinda mchwa. Sikusema tende zilikuwa tamu.

"Mwalimu," akauliza Bwanaheri, mbishi wa darasa, "kama vitu vyenyewe havikuwa na sifa, walivuka bahari kufuata nini?"

Jibu ninalo, lakini lina ushuru. Nikamwambia asome ukurasa unaofuata. Ualimu wote huu, nimeishia kumkwepa mtoto.

Mama mkwe wangu, Bi Rehema, alikuwa akipakua wali wa nazi. "Leo mtajiramba vidole," akasema. Simu ikalia: nimekatwa.

"Mama, nakuomba."

"Hata chakula changu mwenyewe?"

Binti yangu Zuhura, ambaye bado hajaanza shule, alikula mpaka akakomba sahani. Bibi yake akamwinamia, tabasamu tayari. "Mjukuu wangu, wali vipi?"

Zuhura akaitazama simu mezani, kisha akanitazama mimi.

"Umeiva, Bibi."

Bi Rehema akaichukua sahani, akaenda kuiosha.